Zabuni ya usafi wa ofisi: anza na saa, bei itafuata

Swali: Mimi na mdogo wangu tuna kampuni ndogo ya usafi hapa Chumbageni, Tanga. Tuna wafanyakazi 9. Mwaka huu tumeomba kazi 6 kwa barua ileile, tunabadilisha jina la mteja tu. Tumepata moja, na hiyo kila mwisho wa mwezi haibakishi kitu. Sasa kuna ofisi ya ghorofa 3 karibu na bandari, wanataka bei ya mwaka mzima na wametupa siku 10. Tuandike bei gani ili tupate kazi na tusile hasara?

Jibu: Dada, bei iacheni kwanza. Kampuni nyingi za usafi hupanga bei kwa kusikia mwenzao katoza kiasi gani jengo la jirani, kisha zinapunguza kidogo. Bila shaka kazi yenu moja ilipatikana hivyo: bei ikatangulia, gharama zikajulikana siku ya mshahara. Zaidi ya nusu ya fedha ya kazi hii huishia mikononi mwa watu wanaodeki na kufuta. Ukishajua jengo linakula saa ngapi za mtu kwa wiki, mengine yote yanatoka hapo, kuanzia idadi ya wafanyakazi hadi jibu la kumpa mteja akitaka punguzo.

Kwa hiyo siku ya kwanza kati ya hizo 10 ni ya kwenda kwenye jengo. Ombeni kuingia mara mbili: saa 4 asubuhi wakati watu wamejaa, mwone vyoo vinavyotumika kweli, na jioni ofisi ikifungwa, mwone uchafu unaobaki. Bebeni futi ndefu na daftari. Pasipopimika kwa futi hesabuni vigae: kigae cha sentimita 60, vikiwa 10 kwa mstari, ni mita 6. Vyoo msikadirie. Hesabuni kimoja kimoja: mabakuli, sinki, sehemu za haja ndogo. Andikeni sakafu ya kila chumba ni ya nini, maana terazo, vigae na saruji iliyopakwa rangi kila moja ina dawa yake. Fungueni bomba la ghorofa ya tatu. Maji yakiwa hayapandi, mtu wenu atabeba ndoo ngazi nzima kila siku, na saa hizo hakuna anayewalipa kama hamkuziandika. Ulizeni stoo ya vifaa iko wapi, taka zinaishia wapi na nani analipia kuzizoa, karatasi za chooni na sabuni ya mikono vinanunuliwa na nani. Hilo la karatasi za chooni limeshakula faida za kampuni nyingi. Lisibaki kwenye maneno ya mdomo.

Kwa jengo lililo karibu na bahari angalieni vioo kwa makini. Upepo wa bandarini huacha utando wa chumvi, na ukiufuta kwa kitambaa kikavu unasugua chumvi na mchanga juu ya kioo mpaka kinakwaruzika. Kioo cha namna hiyo kinataka maji matupu kwanza, kisha maji ya sabuni, kisha mpira wa kukaushia. Ni muda mrefu kuliko dirisha la ofisi iliyo mbali na bahari. Vioo vya nje vya ghorofa ya tatu wekeni mbali na bei ya mwezi kabisa: kazi ya juu inataka jukwaa au mkanda wa usalama na mtu aliyefundishwa, basi ipewe bei yake kwa kila awamu, au iandikwe wazi kwamba haimo.

Sasa saa. Tuchukulie vipimo vyenu vimetoa mita za mraba 500 kila ghorofa, yaani 1,500. Kwa ofisi ya kawaida yenye meza na viti, mtu mmoja anayefagia, kudeki, kufuta meza na kumwaga vikapu vya taka anaweza kwenda mita za mraba 250 kwa saa. Hiyo ni namba ya kuanzia tu. Ukumbi mtupu wa vigae unaweza kupita 400, chumba kilichojaa mafaili kikashuka hadi 150. Mna bahati ya kuwa na kazi inayoendelea, hata kama haina faida: nendeni na saa mkononi mpime watu wenu wanakwenda mwendo gani, mtumie namba yenu wenyewe. Kwa 250, sakafu na meza ni saa 6 kwa siku. Vyoo: mabakuli 12, sinki 9 na sehemu za haja ndogo 6 ni vitu 27, kila kimoja dakika 3, jumla dakika 81, na mzunguko wa pili wa mchana dakika 40. Hesabuni saa 2. Ngazi na mapokezi saa 1, kufagia nje saa 1. Jumla saa 10 kwa siku. Siku 5 ni saa 50, na Jumamosi saa 5 za buibui, feni, milango na vioo vya ndani. Saa 55 kwa wiki.

Sheria inaruhusu saa 45 za kawaida kwa wiki kwa mfanyakazi mmoja, lakini katika hizo 45 hafanyi usafi zote. Anavaa sare, anachota maji, anafua vitambaa, anakunywa chai. Chukueni saa 38 za kazi halisi. 55 kugawa kwa 38 ni 1.45. Kwa hesabu kavu, mtu mmoja na nusu anatosha, na hapo ndipo wengi wanapojiingiza kwenye matatizo, kwa sababu ofisi haisafishwi saa yoyote. Mteja anataka mezani na mapokezi pawe tayari kabla ya saa 2 asubuhi. Watu wawili wakiingia saa 12 wanatoa saa 4 za kazi kabla watumishi hawajafika. Mmoja anatoa 2 tu. Basi wawili. Saa zinazobaki msizione hasara. Masika ya Machi hadi Mei tope la viatu litazimaliza.

Tuje kwenye fedha. Tuchukulie mshahara wa Sh 360,000 kwa mfano tu; wenu usomeni kwenye Amri ya Mshahara, ile ya Serikali ya kima cha chini, kwa sekta yenu, kwa kuwa kima kinatofautiana kati ya sekta na sekta. Juu yake kuna NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, sehemu ya mwajiri asilimia 10, yaani 36,000. WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, asilimia 0.5 ni 1,800. Likizo ya mwaka ni siku 28 zenye malipo, na siku hizo jengo halisubiri, kwa hiyo tengeni mwezi mmoja wa mtu wa kujazia ugawanywe kwa 12: 30,000. Mkataba ukiisha mteja asiuongeze, huenda mkalazimika kulipa kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia. Tengeni 8,100 kila mwezi. Sare, mabuti na glavu 10,000. Mtu mmoja amefika 445,900, na wawili ni 891,800. Anayetazama mshahara peke yake anaona 720,000, na tofauti hiyo ya 171,800 ndiyo inayopotea kila mwezi bila mtu kujua inakwenda wapi.

Ongezeni sehemu ya mshahara wa msimamizi 80,000, sabuni na dawa 150,000, uchakavu wa vifaa 40,000, nauli na kubeba mizigo 40,000, na sehemu ya kazi hii katika gharama za ofisi yenu, leseni na simu, 90,000. Jumla 1,291,800. Hiyo ni gharama, bado si bei.

Mkitaka faida ya asilimia 12, msizidishe gharama kwa 1.12. Mkifanya hivyo mnapata 1,446,816, na faida yenu ikipimwa kwenye bei ni chini ya asilimia 11. Gawanyeni gharama kwa 0.88: 1,467,955, tuseme 1,468,000. Tofauti ya njia hizo mbili kwa mwaka inapita Sh 250,000, nayo inatosha kununua ndoo na mopu zote za jengo hilo. Sasa ndipo mnaweza kulinganisha na bei za mjini: ni kama Sh 979 kwa mita ya mraba kwa mwezi. Namba hiyo itumieni kukagua hesabu. Msianzie nayo.

Kwenu ninyi kuna mtego mwingine, na ni mkubwa. Mna watu 9. Mkiongeza 2 mnakuwa 11, na SDL, tozo ya kuendeleza ufundi stadi, huanza kumhusu mwajiri akifikisha waajiriwa 10. Ikianza haiwahesabu wale wawili wapya tu, inahesabu mishahara yote. Kwa watu 11 wa 360,000, kila asilimia moja ya SDL ni Sh 39,600 kwa mwezi. Kiwango kikiwa asilimia 3 tu, ni 118,800, na faida yote ya kazi hii kwa hesabu ya juu ni 176,200. Kazi mpya itakuwa imewaletea Sh 57,400. Uamuzi wa kuchukua kazi hii basi haumhusu mteja huyu peke yake. Ama mnavuka 10 mkiwa na mpango wa kupata kazi nyingine mbili tatu za kugawana mzigo huo, ama mnaweka SDL kwenye bei hii, au mnaiacha. Njia ya kuwaficha watu kwa kuwaita vibarua msiiguse. Mkaguzi akija, madeni ya NSSF, SDL na adhabu zake yanaifuta kampuni ndogo, na watu wanaowadekia majengo hubaki bila mafao yao ya uzeeni. Hao ndio kampuni yenyewe.

VAT haiwahusu kabla mauzo ya mwaka hayajafikia Sh milioni 200, lakini andikeni kwenye barua ya bei kwamba bei haina VAT, isije ikadaiwa baadaye. Kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa ada ya huduma itawahusu: mteja atakata Sh 73,400 katika kila ankara na kuipeleka TRA. Si gharama, maana inahesabika kwenye kodi yenu ya mapato mkiwa na hati ya zuio. Mdai hati hiyo kila mwezi. Zikirundikana mwaka mzima hazipatikani. Ila kwa upande wa fedha taslimu, mnapokea pungufu. Ankara ikilipwa baada ya siku 60, ambalo ni jambo la kawaida, mtakuwa mmeshalipa mishahara mara mbili au tatu kwa fedha yenu. Kwa kazi hii wekeni pembeni si chini ya Sh 3,900,000 kabla ya kusaini, au ombeni masharti ya malipo ndani ya siku 30 na muyaandike kwenye pendekezo.

Ile 150,000 ya sabuni na dawa inategemea kipimo. Dawa ya sakafu inayochanganywa 1 kwa 50 ni mililita 20 kwa lita, yaani mililita 200 kwenye ndoo ya lita 10. Ndoo 6 kwa siku ni lita 1.2, na kwa siku 26 ni kama lita 31. Mfanyakazi anayemimina kwa macho hutumia maradufu bila shida, na sakafu inabaki na utando unaonata unaokamata vumbi, kwa hiyo kesho yake panaonekana pachafu zaidi na anazidisha dawa tena. Kikombe cha mililita 200 kikifungwa kwa kamba kwenye ndoo kinamaliza tatizo hilo. Dawa ya chooni yenye asidi isishuke kwenye terazo, inakula saruji na chembe za mawe na kuacha doa jeupe lisilotoka mpaka sakafu isagwe upya. Na isichanganywe kamwe na dawa ya klorini: mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu, na chumba cha choo ni kidogo. Wakataze pia waya wa chuma kwenye vigae na sinki. Vipande vinavyokatika vinashika kutu, na kwa hewa ya chumvi ya Tanga madoa ya kahawia hutokea upesi, mteja akadhani ni uchafu wenu.

Barua ileile inayobadilishwa jina ndiyo iliyowaangusha kwenye zile 5, naamini, kuliko bei. Mteja anayesoma mapendekezo 8 yanayosema «tuna uzoefu na wafanyakazi wachapakazi» hana cha kuchagulia isipokuwa bei ndogo. Mpeni jengo lake. Ukurasa wa kwanza uwe na vipimo mlivyochukua na matatizo mliyoyaona: bomba la ghorofa ya tatu halina nguvu, choo cha wanaume cha chini kina harufu kwa sababu tundu la maji sakafuni limekauka na linahitaji kumwagiwa maji kila siku, vioo vya upande wa bahari vina chumvi. Kisha jedwali la chumba kwa chumba: nini kila siku, nini kila wiki, nini kila mwezi, saa ngapi. Kisha majina ya nafasi za watu, saa za kuingia na kutoka, na nani anakuja mmoja akiugua. Kisha fomu fupi ya ukaguzi ambayo ofisa wao atasaini kila Ijumaa. Hiyo fomu itawalinda siku ya malalamiko. Bei iwe ukurasa wa mwisho, ikiwa imechanganuliwa, pamoja na orodha ya visivyomo. Kurasa 6 hadi 8 zinatosha.

Mambo mawili yasikose humo. Kwanza, usafi wa kuanzia: kama aliyekuwepo aliacha vyoo vina ukoko na mistari ya vigae imekuwa myeusi, toeni bei ya mara moja ya kuvirudisha, tofauti na bei ya mwezi. Mkiiacha, watu wenu watatumia mwezi wa kwanza kufanya kazi ya mwenzenu bure, na ripoti ya kwanza itasema ninyi ni wazembe. Pili, kifungu kwamba Serikali ikitoa Amri mpya ya Mshahara, bei inapitiwa upya kuanzia tarehe amri inapoanza. Januari 2026 kima cha chini cha sekta binafsi kilipanda kwa asilimia 33.4, na mwenye bei ya kudumu isiyo na kifungu hicho hulazimika kuchagua kati ya kuvunja mkataba na kuvunja sheria.

Hamkusema mteja ni wa umma au binafsi. Akiwa wa umma, barua haina kazi: zabuni zinapita kwenye NeST, mfumo wa Serikali wa ununuzi kwa mtandao, chini ya Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023. Mfumo unajifunga dakika ya mwisho na hausikii kwamba intaneti ilikatika, basi wasilisheni siku moja kabla. Wengi hutolewa hata bei yao haijatazamwa: leseni ya biashara ya Jiji imeisha muda, jina lililosajiliwa BRELA, kwa msajili wa kampuni, halifanani na la TIN au la akaunti ya benki, aliyesaini hana hati ya idhini, au fomu moja ya tamko haikujazwa. Kaeni na nyaraka zote siku ya tatu, si ya tisa, ili kilichoisha muda kipate siku za kuhuishwa. Jambo lisiloeleweka kwenye nyaraka za zabuni ulizeni kwa maandishi ndani ya mfumo huohuo. Wakiandika kwamba wanataka wafanyakazi 4 kwenye jengo, toeni bei ya 4, hata kama hesabu yenu inasema 2. Kuna pia asilimia 30 ya bajeti ya ununuzi inayotengewa makundi maalum ya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu; ulizeni ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri kama mnaweza kusajiliwa huko.

Zabuni 6 kwa mwaka si chache kwa kampuni ya watu 9. Mkianza kuchagua, huenda 4 zikawaletea zaidi. Hospitali kwa sasa ziacheni: taka zenye maambukizi, chanjo ya homa ya ini B kwa kila mfanyakazi, vitambaa vya rangi tofauti kwa kila eneo, ni biashara nyingine inayotaka mafunzo kwanza. Fungueni daftari la zabuni: tarehe, mteja, mita za mraba, saa kwa wiki mlizokadiria, bei, matokeo, na bei ya aliyeshinda mkiipata. Kwa zile 5 mlizokosa, pigeni simu mwulize kwa adabu mlipungukiwa wapi. Wengine hawatajibu. Wanaojibu huwa wanasema jambo moja la kufanyia kazi.

Na mteja akisema 1,468,000 ni kubwa, msikate bei mkabaki na kazi ileile. Mwonyesheni jedwali la saa. Mtu wa pili akiwa wa nusu siku, na kufagia nje akafanya mlinzi au mtu wao, saa zinatosha na bei inashuka kwa takriban Sh 250,000, lakini mzunguko wa vyoo wa mchana utafanywa na mtu mmoja, na siku za mvua ngazi zitachelewa kukauka. Muandikieni hivyohivyo, achague yeye, na atakachochagua kiingie kwenye mkataba pamoja na saa zake.